Ungwili wa Pangile

Vuai Pandu alikuja kwangu Jumamosi asubuhi kuniuliza maana ya neno moja. Nikamwambia aketi kwanza anywe chai, maana neno halikimbii. Nilikuwa nachambua mchele. Mimi ni mtu wa polepole, sikuona haja ya kuacha ungo.

Vuai ni kijana wa Idara ya Hifadhi, ile inayowatunza waliosalia, wafu ambao bado wanafanya kazi. Adabu anayo. Alivua viatu nje, akanipa shikamoo, akakaa mkekani ingawa kiti kilikuwepo.

"Bibi, ni habari ya Bi Kazija."

"Kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Anafanya kazi vizuri mno, ndiyo maana nimekuja."

Kazija ni dada yangu wa tumbo moja. Amekufa miaka kumi na moja sasa, na kila siku namsikia mara nne kwenye vipaza sauti vya ukuta: "Maji yanajaa. Nafunga lango la pili." Sisi watu wa Pangile tunaishi chini kuliko bahari. Bahari ilipanda, sisi hatukuhama, tukajengewa ukuta wenye malango matatu. Bahari ikipwa malango yafunguliwe, maji ya mvua na ya majumbani yatoke. Ikianza kujaa yafungwe, na yafungwe kwa wakati wake hasa, maana ukiwahi sana uchafu unabaki ndani, na ukichelewa bahari inaingia. Anayejua wakati huo ni Kazija. Kabla ya ukuta alikuwa mfukia makumbi ya nazi, na maisha yake yote aliyapima maji kwa miguu.

"Wanataka kumnakili," Vuai akasema. "Kuta arobaini, pwani nzima. Kazija arobaini."

"Arobaini," nikasema. Kazija mmoja tu alikuwa ananitosha.

"Lakini kuna sheria mpya, bibi. Hanakiliwi mtu mpaka kila neno la idhini yake lieleweke. Na idhini ya Bi Kazija ni shairi, beti nane. Mashine inayajua maneno yote isipokuwa moja, lililo kwenye ubeti wa mwisho."

Akanyanyua kioo chake na kunisomea.

*Nilazeni juu yenu, tope niwabebeeni,*
*Mgongo wangu ni wenu, na nyinyi iveni chini,*
*Sitaki ahsante zenu, wala sifa sitamani,*
*Niwe ungwili wa kwenu, ungwili nisiye jina.*

"Ungwili ni nini, bibi?"

"Sijui."

"Mashine inakisia ni mlinzi. Miaka yote hii imeandikwa mlinzi, ila kwenye mabano. Juu ya mabano hawataki kujenga kuta arobaini. Shahidi ni wewe. Dole gumba lako liko hapa chini ya shairi."

"Dole liko hapo," nikamwambia. "Masikio hayakuwepo."

Hakunielewa, si mtu wa Pangile. Kwetu mtu akiwa anaaga, ndugu yake wa karibu kuliko wote husimama mlangoni, uso nje na mgongo ndani. Anazuia watu wasiingie na kilio chao, na yeye mwenyewe hasikilizi. Wazee walisema anayempenda sana akiyasikia maneno ya mwisho atayashika, na mwenye maneno hataweza kwenda. Basi siku ile nilisimama mlangoni tangu adhuhuri. Ndani walikuwepo karani wa Idara na shangazi zangu wawili, ambao nao sasa wametangulia. Walipomaliza, karani alinitolea kioo nikabonyeza dole. Nimesoma mpaka darasa la nne, herufi nazijua, ningeweza kusoma. Sikusoma. Niliona vibaya kuchungulia maneno ya mtu ambaye mwili wake haujapoa.

"Kwa nini hamumuulizi mwenyewe?"

"Sheria haimruhusu aliyesalia kutoa ushahidi juu ya idhini yake. Anaweza kuwa amechezewa." Akakizungusha kikombe. "Lakini tumemuuliza, bibi, nisikufiche. Kila tukimwuliza ungwili ni nini, anajibu neno moja. Bado."

"Bado nini?"

"Bado tu. Fundi anasema ni hitilafu."

Nikaweka ungo chini.

*

Nyumba ya malango iko juu ya ukuta, chumba kimoja cha saruji chenye baridi kama kisima. Miaka kumi na moja sikuwahi kupanda huko. Watu walipanda kumsalimia, wengine wakimpelekea mpaka halua, sijui aile vipi. Mimi nilikataa. Sauti ilinitosha.

Chungu chake ni cha kioo, kikubwa kama kichwa cha ng'ombe, kimezamishwa kwenye birika la maji ya chumvi ili kisipate moto. Ndani yake kuna nyuzi nyeupe nyembamba, zimesongamana, hazitikisiki. Vuai alinieleza njiani. Mtu anayekufa huvishwa kofia siku tatu, na kofia inachukua anachokijua, uzi kwa uzi. Lakini chungu hakiwezi kubeba mtu mzima, kingeungua. Kwa hiyo mafundi wanachonga. Wanabakisha kinachohusu kazi, na mengine yanakatwa.

"Kwa Bi Kazija walibakisha maji, tope, mwezi na upepo. Na lugha kidogo, ya kutolea taarifa."

"Na mimi?"

Vuai akatazama miguu yake. "Sidhani, bibi."

Niliingia nikasimama mbele ya kile chungu. Sikuwahi hata kusema salamu alaikum. Aliyeanza ni yeye.

"Nani hapo?"

Ilikuwa sauti ya Kazija yenyewe, ya karibu, haikupita kipazani.

"Mimi Mize."

Vuai alikuwa anatazama vipimo vyake ukutani, nikamwona ameinua nyusi.

"Mize yuko mlangoni," Kazija akasema.

Nikashika ukingo wa lile birika. Walichonga kila kitu, wakasahau kunikata pale pale nilipokuwa nimesimama, mgongo ndani, uso nje.

"Dada," nikasema, "ungwili ni nini?"

"Bado."

"Sikuulizi kama tayari. Nauliza ni kitu gani."

"Bado," akasema tena, na safari hii ilikuwa kama ananiuliza. Halafu sauti ikawa ile ya vipaza sauti: "Maji yamefika jiwe la tatu. Nafunga lango la kwanza." Chini yetu chuma kikaanza kusagika.

Nilishuka ngazi nikiwa nimemshika Vuai mkono. Nilimwambia kitu ambacho kilikuwa kinanizunguka kichwani tangu asubuhi. Mashine yao imesoma "iveni" ikadhani watu wakue, wapevuke chini ya ulinzi. Lakini katika mstari uliotangulia kuna tope. Mimi najua kitu kimoja tu kinachoiva ndani ya tope, nacho ni makumbi ya nazi. Wanawake wa mashimoni waliyafukia kwenye matope ya bahari mpaka yalainike, kisha wakayapiga na kutoa usumba wa kusokota kamba. Sisi wa nje tulisema makumbi yameoza. Wao wenyewe walisema yameiva.

"Kwa hiyo ni neno la kazi?"

"La mashimoni. Mimi sikufanya kazi hiyo, nililelewa mjini kwa shangazi, nikishona. Kazija ndiye aliyebaki na mama. Waliokuwa nao wamekwisha."

"Wote?"

"Yupo Bi Mgeni. Sijui kama anasema siku hizi."

*

Bi Mgeni binti Khatibu anaishi ncha ya kusini, kwa mkwewe. Umri wake hauulizwi. Tulimkuta ukumbini, amekaa kwenye busati na miguu ameinyosha, mikono yake ikitembea juu ya paja kama anasokota, na hakuna kamba.

"Ni Mize, mwana wa bi Fumu," nikampigia kelele sikioni.

"Najua," akasema. "Mbona unapiga kelele?"

Nikamwambia nimekuja na neno. Nikalitaja. Akacheka, kicheko kikavu, mpaka mkwewe akachungulia kutoka jikoni.

"Nani kalitaja hilo? Hilo halitajwi ukumbini, hilo la matopeni."

"Kazija alilitaja, siku anakufa."

Kicheko kikakatika. Akanitazama vizuri, kwa mara ya kwanza nadhani. Akamwambia mkwewe alete makumbi kutoka rundo la kuni, na yule akaleta matano. Bi Mgeni akayapanga manne mbele yake, mgongo kwa mgongo, yamebanana. La tano akalishika muda, akaligeuza, akalilaza juu ya yale manne, tumbo chini.

"Haya. Huyu juu ndiye ungwili."

"Kazi yake?"

"Anabeba tope. Tope la juu zito, lina mawe, lina jua la maji kupwa. Lisipokuwa na wa kulipokea linayaponda ya chini kabla hayajaiva. Kwa hiyo unachagua kumbi moja kubwa, gumu, unalilaza juu. Linapondeka lenyewe, wenzake wanaiva salama."

Vuai alikuwa anaandika upesi upesi. "Basi si ni mlinzi, bibi," akaninong'oneza. "Mashine ilipatia."

Ningeweza kuishia pale. Neno lilikuwa limepatikana na kijana amefurahi. Lakini mikono ya Bi Mgeni ilikuwa haijatulia, nami najua mtu ambaye hajamaliza.

"Kisha, bi Mgeni?"

"Kisha nini?"

"Makumbi yakiiva, ungwili anafanywa nini?"

Aliniangalia kana kwamba nimeuliza jua linachwea wapi. "Anatupwa majini, mwanangu. Ungwili hapigwi, hasokotwi, harudishwi shimoni. Ameshachoka mgongo. Msimu mmoja, basi. Anayemtia ungwili mara ya pili, tulikuwa hatumsemeshi. Mwanamke mmoja alifanya hivyo, bi nani yule, akakaa shimoni peke yake mpaka akahama kijiji."

"Msimu ni muda gani?"

"Miezi sita."

Kalamu ya Vuai ilisimama.

"Na nani anajua kwamba yameiva?" nikauliza. Sauti yangu niliisikia kwa mbali. "Ungwili mwenyewe?"

"Atajuaje naye kafukiwa? Mwenye shimo ndiye anayemfukua. Anakuja na kusema, yameiva. Mpaka aambiwe, yeye ni bado tu."

Akalichukua lile kumbi la juu na kulirusha uani, kuku wakatawanyika.

*

Sikumbuki tulirudi vipi. Nakumbuka Vuai alikuwa anahesabu kwa sauti, kama mtoto. Miaka kumi na moja, misimu ishirini na miwili. Kazija alikubali mmoja. Akarudia tena kuhesabu, kana kwamba jibu lingebadilika. Mara akasimama barabarani akasema, "Bibi, tulimwuliza. Tumemwuliza mara ngapi. Yule anasubiri aambiwe."

"Usiniambie," nikasema. "Nilikuwepo mlangoni."

Nyumbani nilimkuta mjukuu wangu, Raya, ananisubiri na mtoto mgongoni. Raya ana mdomo, alirithi kwa Kazija. Nyumba yake ni ya tatu kutoka ukutani, ukilala usiku unasikia mawimbi juu ya kichwa chako. Nilimweleza yote bila kumficha. Alikaa chini.

"Bibi," akasema mwishowe, "ukisema hivyo Idara itafanya nini?"

"Idhini imekwisha muda. Inabidi afunguliwe. Chungu kinafunguliwa kwa dole la shahidi, si la mwingine."

"Na malango?"

"Yana magurudumu ya mkono. Watu wanne kila gurudumu."

"Na nani anajua wakati wa kufunga?"

Jibu lilikuwa hakuna. Ukuta ulipojengwa tulipewa mafunzo wiki mbili, halafu tukapewa Kazija, na hakuna aliyerudi mafunzoni. Vijana wetu hawajui hata bamvua, yale maji makubwa, linaingia siku ya ngapi ya mwezi. Wanangoja waambiwe na kipaza sauti.

"Bamvua ni Jumatatu ya wiki ijayo, si hii ya keshokutwa," Raya akasema. Yeye alijua, nyumba yake inamlazimisha kujua. "Huyu ana miezi minne." Akamsogeza mtoto mbele, akamweka mapajani pangu, kama mtu anayeweka hoja mezani. "Sema ni mlinzi, bibi. Mashine inasema mlinzi, Vuai anataka mlinzi, Bi Mgeni kesho hatakumbuka kama mlikwenda. Nani atakubishia?"

"Hakuna."

"Basi. Marehemu ni marehemu. Bibi Kazija yuko kaburini, tulimzika, nilikuwepo. Kile ni chungu."

"Chungu hakisemi 'bado'."

"Ni hitilafu."

"Raya," nikamwambia, "nilimwambia jina langu, akaniambia Mize yuko mlangoni."

Mtoto akanishika kidole, nguvu aliyonayo. Nilimtazama yule mtoto na kusema ukweli wangu moyoni: nilitaka kusema mlinzi. Nilitaka sana. Nilijiambia nitasema mlinzi kwa sasa, bamvua lipite, halafu nitarekebisha. Nilipojisikia nawaza hivyo, nikamrudishia Raya mtoto, maana hata wale wa Idara hawakuwa watu wabaya. Na wao, kila mwaka, lazima walikuwa na bamvua lao la kungoja lipite.

*

Tulikutana Jumapili ofisini kwa sheha. Sheha Makame alikuwepo, Vuai, na mkuu wa Idara ndani ya kioo, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, anatuona kutoka mjini. Wanakijiji walijaa dirishani.

Nilieleza kama Bi Mgeni alivyonieleza. Sikupamba. Nilipofika kwenye "anatupwa majini" watu wa dirishani walisogea karibu zaidi. Mwanamke mmoja akaanza kulia bila sauti. Wote walikuwa wanamsalimia Kazija kila asubuhi, wengine walimpa watoto wao jina lake.

Mkuu wa Idara alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Bi Mize, una hakika?"

"Nina hakika."

"Tunaweza kuandika kwamba neno halijulikani," akasema taratibu. "Hatutamnakili. Kuta arobaini tutatafuta njia nyingine. Lakini Pangile ibaki na Bi Kazija wake, kama ilivyokuwa. Mashine mpya itakuja baada ya miezi minane. Ni miezi minane tu, mama."

Lilikuwa pendekezo zuri, lisilo na hila. Sheha alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa cha kukubali.

"Alitoa sita," nikasema. "Mmechukua mia na thelathini na miwili. Na mimi nimechukua, dole ni langu. Hiyo minane inatoka kwa nani?"

"Kuna watu mia sita chini ya ukuta," sheha akasema. "Bi Mize, kwa heshima yako, na mjukuu wako yumo."

"Yumo. Na kitukuu changu yumo. Sisemi afunguliwe leo. Leo Jumapili. Nipeni wanawake kumi na wawili na magurudumu matatu mpaka Ijumaa. Kazija atafunga kama kawaida, nasi tusimame kando tuangalie maji yako wapi anapofunga. Ijumaa nitapanda."

"Siku tano," mkuu akasema. "Haziwezi kutosha."

"Haziwezi," nikakubali. "Miaka kumi na moja ingetosha."

Vuai alikuwa ameinamisha kichwa, nikaona machozi yanadondokea kioo chake, juu ya shairi.

Sheha aliuliza wanawake wapo wapi. Nilidhani watakuja upesi. Walikuja saba, wakafika tisa Jumatatu. Raya hakuja. Tulisimama ukutani maji yakijaa na yakipwa, mara nne kwa siku, tukichora alama za chokaa kwenye mawe. Mara mbili tulikisia sawa na Kazija. Mara nyingine zote tulikosea, mara tunawahi, mara tunachelewa. Upepo wa kusi ukivuma yeye alifunga mapema, na hatukuelewa mapema kiasi gani. Mimi mwenyewe niliingiza mguu majini kama alivyokuwa akifanya zamani, nikahisi baridi tu.

*

Ijumaa baada ya sala nilipanda. Vuai alikuwa amepunguza nguvu za mitambo, kila kitu kinanguruma chini chini. Alinionyesha pa kuweka dole, kibati kidogo cha shaba pembeni ya birika.

"Ukishabonyeza utakuwa na dakika tatu hivi," akasema. "Nyuzi zinazimika taratibu. Anaweza kusikia mpaka mwisho." Akatoka nje, akasimama mlangoni. Bila kuambiwa aligeuza uso nje.

Nilibonyeza.

"Nani hapo?" Kazija akauliza.

"Mize. Nimeingia ndani."

Maji ya birika yakatetemeka kidogo.

"Nani yuko mlangoni?"

"Yupo mtu. Usijali."

"Mize," akasema, pole pole, kama anaokota kitu kilichoangukia mbali. Halafu akauliza lile aliloliuliza miaka yote, na safari hii nikamsikia. "Yameiva?"

Sijawahi kumdanganya dada yangu. Tulipokuwa wadogo alikuwa ananijua nikifikiria tu. Nikatazama kupitia tundu la ukuta. Wanawake tisa walikuwa chini wanabishana juu ya alama ya chokaa, mmoja anasema hapa, mwingine anasema wewe hapo unazamisha watu.

"Yameiva, dada," nikasema.

"Haya," akasema.

Nilibaki naye mpaka nyuzi zikawa rangi ya kijivu. Baadaye Vuai na mimi tulikibeba chungu, yeye akashika chini mimi juu, tukaenda mpaka mwisho wa ukuta maji yakipwa, na tukakitupa. Kilielea kidogo, halafu kikajaa maji.

Bamvua lilikuja Jumatatu saa tano asubuhi, na kusi ikivuma nyuma yake. Tulifunga lango la kwanza kwa wakati na la tatu pia. La pili tulibishana. Nilisema sasa, wenzangu wakasema kidogo, nami nikaona haya kung'ang'ania, sikuwa na hakika. Tulipolizungusha maji yalikuwa yamepita jiwe la nne. Tulilala juu ya lile gurudumu kwa vifua vyetu mpaka likagonga.

Nyumba kumi na nne ziliingia maji. Hakufa mtu. Kwa Raya yalifika nusu ya muundi. Nilimkuta amesimama ndani, mtoto begani, godoro amelipandisha juu ya kabati, ndala zinaelea. Nilingoja aseme, kwa sababu alikuwa na haki ya kusema lolote, nami nilikuwa nimeyastahili yote.

"Mlichelewa kiasi gani?" akauliza.

"Jiwe moja."

Akanipa mtoto. Akafunga kanga kiunoni, akatoka, akakanyaga yale maji yaliyokuwa yanashuka barabarani, akaelekea ukutani. Nilimfuata taratibu na mtoto wake mikononi. Nilipofika alikuwa amepiga magoti kwenye lango la pili, chokaa mkononi, anawauliza wanawake upepo ulianza saa ngapi.